Bushi za Nyuma: Kazi Imo Kwenye Kukaza

Gari likigonga kwa nyuma kila linapopita tuta, wenye magari wengi hukimbilia kubadili shokapu. Pesa inatoka, mlio unabaki. Kwenye Subaru Forester ya toleo la SH, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007 na sasa imezagaa mitaani kwetu, mkosaji anaweza kuwa bushi: kile kipande cha mpira kilichobanwa kati ya pete mbili za chuma, mahali mkono wa chini unapoungana na bodi. Nachambua hapa kazi ya kubadili bushi hizo iliyofanyika uani kwa jirani yangu, maana ilizingatia hatua ambayo mafundi wengi huiruka.

Kabla jeki haijaguswa, jirani alipima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, huku gari limesimama chini kama kawaida. Vipimo akaviandika kwa chaki ukutani. Kisha magurudumu ya mbele yakawekewa kabari mbele na nyuma, kwa sababu breki ya mkono hushika ya nyuma, nayo ndiyo yangekuwa hewani. Gari likakalishwa juu ya stendi za chuma. Hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Ukaguzi ulikuwa mfupi. Shokapu zilikuwa kavu, hazivuji mafuta. Lakini ncha ya mtaimbo ilipoingizwa pembeni mwa bushi ya mkono unaolala kuelekea mbele na kusukumwa kidogo, ufa ulifunguka kwenye mpira, na pete ya ndani ikacheza hadi kugusa chuma. Hapo ndipo mlio ulipotoka. Bushi ikifika hali hiyo, gurudumu hubadili mwelekeo lenyewe wakati wa kufunga breki na kukata kona. Nyuma ya gari huyumba, na tairi huliwa upande mmoja.

Bolti zilipuliziwa dawa ya kutu tangu jioni ya kuamkia kazi, kwa kuwa bolti hupenda kugandia ndani ya pete. Ile yenye wosha ambayo tundu lake haliko katikati, inayotumika kurekebisha mwelekeo wa gurudumu, ilipakwa mstari wa rangi uliovuka wosha na chuma kilicho nyuma yake, ili irudi palepale. Waya wa ABS na kebo ya breki ya mkono vilifunguliwa kwenye vishikizo vyake mapema visije vikavutwa.

Mkono ulipotoka, jambo la kwanza lilikuwa kuweka alama inayoonyesha bushi imekaa upande gani. Bushi nyingi za aina hii zina matundu kwenye mpira, na matundu hayo huamua ilegee upande upi na ikaze upande upi. Ukiigeuza, umebadili tabia ya gari. Bushi ya zamani ilisukumwa nje kwa jiliwa, soketi pana upande mmoja na kipande cha bomba upande wa pili. Kuchoma mpira kwa moto ni njia ya mkato yenye moshi wa sumu, na nyundo hupinda tundu. Bushi mpya ililala kwenye friza usiku kucha ili chuma chake kinywee kidogo, ikaingia kwa msaada wa maji ya sabuni. Grisi na oili hazikutumika, kwa sababu huharibu mpira wa asili.

Sasa tufike kwenye kiini. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti. Bolti ikikazwa, pete ya ndani hubanwa isitikisike, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojinyonga. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yakining'inia, mpira unapumzika katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira unabaki umenyongwa saa zote, hata likiwa limeegeshwa, na kila shimo linaunyonga zaidi. Bushi mpya hupasuka mapema, na lawama huenda kwa muuza spea.

Ndiyo maana jirani alirudisha bolti zote kwa mkono tu, akafunga magurudumu, akalishusha gari juu ya magogo mapana ya mbao ngumu. Hakutumia matofali, maana tofali hupasuka bila kuonya. Akalitikisa gari likae sawa, akalinganisha vipimo na vile vya ukutani, ndipo akaingia chini na kukaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kazi ikamalizikia kwenye mashine ya alaimenti, kwa sababu alama ya rangi inakufikisha kwa fundi wa alaimenti salama, lakini haichukui nafasi yake.

Kama kazi hii utaipeleka gereji, muulize fundi swali moja kabla hajaanza: bolti za bushi atazikaza gari likiwa wapi? Akijibu kuwa magurudumu yatakuwa hewani, mwombe alishushe kwanza. Asipokubali, tafuta fundi mwingine.