Besi Iko Wapi, Mjomba?

Wapenzi wa hedifoni za bei mbaya wana mwiko mmoja: usiguse ikwalaiza. Hoja yao ni kwamba fundi aliyeziunda alikaa nazo miaka, akazipima, akaziridhia. Wewe ni nani uje na simu yako kuongeza besi? Ikwalaiza, kwao, ni ya vijana wa daladala. Niliushika mwiko huu karibu mwaka mzima, na nilikuwa na sababu. Hedifoni zangu zilinigharimu mshahara wa miezi miwili, tena zikiwa zimeshatumika. Mtu aliyetoa pesa hiyo hataki kuambiwa kwamba kazi iliyobaki akaimalizie mwenyewe.

Kilichonitoa kwenye imani hiyo ni historia ya hedifoni zenyewe. Mwaka 2009 Sennheiser walitoa HD 800, zikasifiwa sana kwa upana wa sauti yake, ile hali ya kusikia kila chombo kimekaa mahali pake. Lakini waliozipima na waliozisikiliza kwa makini walikuta kilele kikali kwenye masafa ya karibu kilohezi 6, pale yanapokaa makali ya herufi "s" na ya matoazi. Wenye nazo wakaanza kubandika vipande vya kitambaa ndani ya vikombe ili kukipunguza. Mwaka 2016 zikaja HD 800 S, zikiwa na kifyonzaji kilichowekwa humo humo ndani kukituliza kilele hicho. Sasa niulize: kama zile za kwanza zilikuwa neno la mwisho la fundi, hizi za pili ni nini? Kiwanda chenyewe kilirudi kurekebisha, ila kilitumia kifaa badala ya programu. Tangu nilipoliona hilo, habari ya "sauti aliyoikusudia fundi" imekuwa ngumu kuniingia. Fundi naye anabahatisha, ana muda wa mwisho wa kukabidhi kazi, na ana bosi.

Nikahamia kambi ya pili. Hii haina mwiko wa kutogusa. Ina mwiko wa kugusa upendavyo.

Kambi hii inaapa kwa mstari wa Harman. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walifanya majaribio ya kutafuta hedifoni inayopendwa na watu wengi inapaswa kutoa sauti ya namna gani. Kazi yao ni nzuri na sina ugomvi nayo. Tatizo ni wanaoisoma. Mtu anapakua namba zilizokokotolewa tayari kwa ajili ya hedifoni zake, anazibandika kwenye ikwalaiza, sauti inafuata mstari, basi, ameokoka. Ukimwambia besi imezidi, anakuonyesha mchoro.

Usomapo majaribio yenyewe, unakuta jambo lenye unyenyekevu zaidi. Lile la mwaka 2014 lilikuwa na wasikilizaji 238 kutoka Canada, Marekani, Ujerumani na China. Waliozidi miaka 55 walielekea kupenda besi ndogo na trebo zaidi kuliko vijana. Baadaye Olive aliwagawa wasikilizaji makundi: karibu theluthi mbili waliupenda mstari kama ulivyo, wengine walitaka besi zaidi, wengine pungufu. Kwa maneno mengine, mstari wa Harman ni shati la saizi ya kati. Linawafaa wengi, na hakuna aliyesema ukiwa na mabega mapana uyakate. Zaidi ya hapo, tundu la kila sikio lina umbo lake, na mwangwi wake huongeza sauti kwenye kilohezi 3 hivi, kwa kiasi kinachotofautiana kati ya mtu na mtu. Ukipanda hadi kilohezi 8 na kuendelea, mchoro uliopimwa kwenye kichwa cha bandia unakuambia habari nyingi za kichwa hicho na chache za kichwa chako.

Ilibidi nijifunze kuifanya kazi mwenyewe. Ikwalaiza ninayoizungumzia si ile ya redio ya gari yenye vitufe viwili. Hii inakuuliza maswali matatu kila unapoigusa: masafa gani, kiasi gani, na upana gani. Upana ndio unaosahauliwa. Ukipunguza desibeli 4 kwenye kilohezi 6 kwa upana mdogo, umemnyamazisha mpiga kelele mmoja. Ukifanya hivyo kwa upana mkubwa, umezima taa za mtaa mzima. Halafu kuna mtego: sauti ikiwa kubwa kidogo, masikio huiona nzuri zaidi. Ukiongeza besi desibeli 5 utaapa kwamba muziki umefufuka, kumbe umepandisha sauti tu. Kwa hiyo unashusha kwanza sauti ya jumla kwa kiasi ulichopandisha (hilo pia huzuia sauti kupasuka), ndipo unalinganisha. Nusu ya miujiza yangu ya wiki ya kwanza ilifia hapo.

Nilipimia taarabu ya Tanga. Wengine hupimia muziki wa jazi uliorekodiwa vizuri. Mimi nilichagua nilichokijua: Black Star Musical Club na sauti ya Shakila, nyimbo nilizozisikia nyumbani kwa Bibi, mzaa mama, kwenye redio kaseti iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Vikundi vya Tanga vilijulikana kwa kuingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarabu. Hilo nilikuwa nimelisoma. Kulisikia ni jambo jingine. Nilipozivaa hedifoni zile mara ya kwanza, likatokea gitaa la besi ambalo sikuwahi kujua lipo, likitembea chini ya wimbo ninaoukumbuka tangu utotoni. Spika ndogo ya redio kaseti haina uwezo wa kutoa sauti za chini kiasi hicho. Kwa miaka yote ile nyumbani kwa Bibi, mpiga besi alikuwa kazini na hakuna aliyemsikia.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi siku mbili. Kisha nikaanza kuhisi Shakila amerudi nyuma hatua moja, kama mwenyeji aliyepisha wageni kwake. Nikapunguza chini ya hezi 150, kidogo tu. Nikapandisha kidogo kati ya kilohezi 1 na 2, inapokaa sauti ya mtu anayekusogelea. Nikapunguza tena. Nikakata juu ya kilohezi 8, kwa kisingizio cha mikwaruzo ya santuri. Kila usiku nusu desibeli, kwa wiki tatu, na kila asubuhi nilijiambia masikio yangu yanakomaa. Mwishowe nikauangalia mchoro nilioutengeneza: chini hakuna kitu, juu hakuna kitu, katikati kuna kilima. Kwa mishahara miwili, nilikuwa nimeiunda upya redio kaseti ya Bibi.

Je, hayo ni makosa? Mwenye mwiko wa kwanza atasema nimemsaliti fundi, wa pili atasema nimeusaliti mstari. Mimi nilijitetea kwamba hiyo ndiyo ladha yangu, na ladha ina asili. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa, na ningeiandika hapa ikajaza makala hii yote, kama mjomba wangu asingekuja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki.

Nilimvalisha hedifoni sebuleni, nikampigia wimbo. Alisikiliza kwa heshima, macho yamefumbwa. Halafu akainua kikombe kimoja.

"Mjomba, mbona umeibana hii? Besi iko wapi?"

Nikamweleza kwamba nimeiweka hivyo makusudi, kama ilivyokuwa ikisikika kwa Bibi.

"Redio ya mama ilikuwa mbovu," akasema.

Yeye alizijua nyimbo hizi kabla ya redio. Alizisikia harusini Ngamiani akiwa kijana, amesimama pembeni ya spika ya besi kwa sababu ndipo wasichana walipopita. Besi ilikuwa inakupiga hapa, akaonyesha chini ya kifua. Sikuwa na mchoro wa kumjibu. Nilikuwa nimemwondoa mpiga gitaa kwenye harusi yake.

Nikampa simu. Kitu cha kwanza, akarudisha yote niliyoyakata chini, na kidogo juu yake. Kisha, kwa umri wake wa miaka sabini na kitu, akaanza kupandisha trebo. Akapandisha, akapandisha, akavuka pale ambapo mimi ningeyaziba masikio, akatulia. Nikaihifadhi mipangilio ile kwa jina lake, chini ya ile niliyoiita "Bibi". Alisikiliza nyimbo nne bila kusema neno, mguu unagonga zulia. Hedifoni za namna hii ziko wazi kwa nyuma na huvujisha sauti. Kutoka upande wa pili wa kochi nilimsikia Shakila akiwa mbali, mwembamba, hana besi hata chembe, sawasawa na alivyokuwa juu ya kabati la vyombo.