Kawia Ufike: Duka la Samora na Kitabu cha Ukerewe

Historia ya duka la vitabu aghalabu huandikwa kwa kuhesabu miaka yake na kutaja watu mashuhuri waliolizuru. Kipimo hicho si kibaya, ila ni pungufu. Duka hupimwa pia kwa kitabu kilichopita mlangoni mwake: kimetoka kwa nani, na kimemrudia nani. Kwa kipimo hicho tunalitazama hapa duka la TPH la Barabara ya Samora, Dar es Salaam. Na safari yetu inaanzia mbali nalo, Ukerewe, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Mwanza.

Tanzania Publishing House iliasisiwa 1966. Walter Bgoya alipokabidhiwa uongozi wake 1972, nyumba hiyo ikawa sauti ya fikra za ukombozi. Mwaka huo huo, pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, ilichapisha kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wengi hulikumbuka duka la Samora kwa kitabu hicho. Lakini kazi ya nyumba hiyo inayostahiki kukumbukwa na wapenzi wa lugha ni nyingine: riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, iliyotoka katika juzuu mbili, 1980.

Kitereza alizaliwa 1896. Alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, na riwaya yake akaikamilisha 1945 kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache wa visiwani. Hakupata mchapishaji. Miaka ikapita, naye akaketi tena, mzee sasa, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ndipo TPH ikaipokea. Kutoka kukamilika mpaka kuchapishwa ilipita miaka 35. Kitereza akafariki 1981, nakala za kitabu chake zikiwa hazijamfikia mkononi.

Wahenga walisema: kawia ufike. Methali hii humliwaza msafiri; haimsemei anayengoja. Kitabu kilikawia na kikafika, ila mwenyewe alikwisha kuondoka.

Je, kilistahiki kungojewa? Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wanamtusi mke, wazazi wake wanamchukua. Mume anafuata ukweni kuomba radhi, na radhi ile ina gharama yake, pombe ya ndizi ya kuwapikia wakwe. Uganga unafuata, kisha watoto wawili wanaotajwa katika jina la kitabu. Aliyezoea riwaya ya mikasa atalalamika kwamba mwandishi anakawilisha mambo: kila salamu inaitikiwa mpaka mwisho, kila mgeni anakaribishwa na kusindikizwa, kila kazi inaelezwa kwa hatua zake. Lawama hiyo ina ukweli, kwani zipo kurasa ambamo mhifadhi wa mila anamshinda msimulizi. Hata hivyo, katika ukawiaji huo ndimo ilimo maana. Ndoa ya wawili hawa inaokolewa kwa adabu. Na adabu haiharakishwi. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kwa tenzi ndefu na kwa mashikamoo ya barazani, asione ugeni hapo.

Kiswahili chake nacho ni cha ziwani. Kimebeba mizani ya Kikerewe, na sikio la mwambao litajikwaa mara mbili tatu. Litajikwaa kwa faida. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichotupa Euphrase Kezilahabi, ambaye *Rosa Mistika* yake ya 1971 na mashairi ya *Kichomi* ya 1974 yalizua ubishi mkubwa baina ya washairi wetu. Aliyemlaumu Kezilahabi kwa kuacha vina na amsome mzee huyu wa kisiwani kwao, aone kwamba ziwa lilikuwa na utaratibu wake wa kusema kabla ya ubishi wetu.

Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, aliifasiri riwaya hii kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe. Tafsiri hiyo ilitolewa 2002 na Mkuki na Nyota, nyumba aliyoianzisha Bgoya baada ya kuondoka TPH. Wajerumani walikwisha kuisoma kwa lugha yao tangu miaka ya tisini. Basi kitabu kimevuka bahari. Kuvuka ziwa ndiyo kazi iliyo ngumu: reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, na kutoka hapo meli huenda Nansio kwa saa chache tu, lakini vitabu havisafiri kwa kuwa njia ipo, husafiri akiwapo wa kuvipeleka.

Hiyo ndiyo sifa na ndiyo deni la duka la Samora. Sifa, kwa kuwa lilimpa mzee wa Ukerewe rafu katika jiji. Deni, kwa kuwa rafu ya jijini si mwisho wa safari. Siku kijana wa Nansio atakapokinunua kitabu cha Kitereza dukani kwao, kama anavyonunua daftari, ndipo tutakaposema kimefika.