CPL yenye kumeza prizi

Juma hii sitazungumza mbegu wala mbolea, mtanisamehe. Nataka kuchambua kitu kidogo cha plastiki chenye kilileta maneno kwetu nyumbani: adaptateri ya CPL, ile inapitisha intaneti mu nyaya za umeme.

Kwa wenye hawajaitumia: unachomeka moja karibu na modemu na kuiunga na waya, ya pili unaichomeka mu chumba chako, na nyaya zenye ziko tayari mu ukuta zinabeba kazi. Hakuna kutoboa ukuta. Mu nyumba zetu za matofali, kwenye wifi inafia ku mlango wa kwanza, ni wazo nzuri kabisa. Shida yangu haiko na wazo. Shida yangu iko na umbo.

Miye ninalala mu aneksi, nyuma ya nyumba ya wazazi, hapa Bukavu. Modemu inakaa saloni, ku dirisha, juu njo pale tu inakamata mtandao. Nilikuwa na mahojiano ya kazi kwa video, proje moja ya mihogo, nikakopa dola 35 nikanunua adaptateri mbili. Saloni yetu iko na prizi mbili. Moja inalisha televizyo na modemu kupitia miltiprizi. Ya pili ni ya konjelateri ya mama, mwenye anauzisha sambaza na maji baridi. Ile adaptateri ilikuwa nene kama kipande cha sabuni, uso wake laini, hakuna hata tundu. Ukiichomeka, prizi imeisha.

Tukafanya kile kila mtu anafanya: tukaiweka ku miltiprizi. Taa zote tatu kijani, lakini ku aneksi video ilikuwa inakatika kila dakika. Sababu yake haina uchawi. Umeme wetu unatembea kwa hertz 50. CPL inapanda juu yake kwa megahertz kama 2 mpaka 30. Chaja za simu, televizyo na taa za LED za bei ndogo zinatupa makelele mu njia ileile, na ku miltiprizi zote zinapiga kelele karibu na sikio la adaptateri. Kama miltiprizi iko na kinga ya kupanda kwa umeme, hiyo kinga inaweza kumeza sinyali yenyewe. Nyuma ya stabilizateri njo mbaya zaidi: transfoma yake haiachi megahertz zipite. Karatasi ya mu karto ilikuwa imeandika wazi: chomeka moja kwa moja ku ukuta.

Sasa mwenye alichora kitu hiki alikuwa anawaza nyumba ya nani? Anakuambia uchukue prizi ya ukuta, halafu hakuachii kitu.

Usiku wa kuamkia mahojiano nikachomoa konjelateri, nikaitupa ku miltiprizi, CPL ikachukua ukuta. Asubuhi sura yangu ilionekana safi, sauti safi, nikajibu maswali yote ya kozaiki na kole. Saa sita mama akasikia harufu. Waya wa miltiprizi, ule mwembamba, ulikuwa umelainika, na konjelateri ilikuwa imezima hatujui toka saa ngapi. Sambaza alizigawia majirani. Kazi yenyewe sikuipata.

Ku karto, kitu cha kwanza utaona ni namba: 600, 1000, 1300. Mu 2001 HomePlug ya kwanza ilikuwa na megabiti 14 kwa sekunde, HomePlug AV ya 2005 ikasema 200, na toka hapo wanauza namba. Angalia TL-PA4010 ya TP-Link: inaitwa 600, lakini tundu lake la waya linapitisha 100 tu. Namba hiyo ni ya mu nyaya, mu hali nzuri kabisa, haiko ya kompyuta yako. Sisi tunalipia namba yenye haitafika, na hatuulizi kama kitu kiko na tundu mbele. Ndugu yake, TL-PA4010P, ile P ya mwisho ndiyo tundu.

Na hilo tundu haiko starehe tu. Kwa kawaida ndani yake kuna filtre: ukichomeka miltiprizi yako pale mbele, makelele ya chaja yanapungua mbele ya kufika ku nyaya. Kwa hiyo yenye tundu inakurudishia prizi na inalinda sinyali pia. Miye sikujua, na muuzaji hakuniambia.

Hata hivyo, yenye tundu nayo iko na makosa. Ni nzito, ku prizi zetu za zamani, zenye zimelegea, inainama. Ikiwa prizi ni ya mbili, inaweza kufunika jirani yake, basi beba rula dukani, wacheke tu. Zile ndogo ndogo zisizo na tundu zinasaidia ku prizi ya mbili peke yake. Zenye miguu mitatu bapa, za kutoka Dubai, ziache: utaongeza adaptateri juu ya adaptateri. Soma pia mzigo wenye tundu linabeba. Nyingi zinaandika ampere 16. Konjelateri haifiki pale, lakini resho ya umeme miye siiwezi kuichomeka pale.

Mu parseli yenye wapangaji wengi ku kompteri moja, bonyeza kile kitufe cha kuoanisha. Nyingi zinatoka kiwandani na ufunguo mmoja wenye kujulikana, na jirani anaweza kuingia bila kuvunja mlango. Delestaji ikipiga, yote inalala, usinilaumu.

Mwezi uliopita rafiki alinibadilishia zangu na zake zenye tundu, nikamwongeza dola 10. Konjelateri imerudi ku ukuta, kupitia ile tundu. Ku aneksi nilipima megabiti 9 zamani, sasa 31. Mama bado anaweka mkono ku adaptateri kila asubuhi kuona kama inapata moto.