Makopo Mawili

Mwaka nilipolea watoto wawili wa mbwa kwa mpigo, nilijiona mjanja. Watacheza, watapashana joto, nami nitalala bila kelele. Kweli hawakulia. Lakini walipofikisha miezi sita, nilikuwa na mbwa wanaosikilizana wao kwa wao, mimi nikiwa mleta sufuria tu. Nikimwita mmoja, anamtazama mwenzake kwanza.

Kwa hiyo niliposikia kwamba babu mmoja, jirani wa shemeji yangu huku Msalala, kati ya Kahama na Geita, amechukua wawili wa tumbo moja, nilikwenda kumwangalia kwa jicho la mtu aliyekwisha kushindwa. Mmoja alikuwa wa zizini. Wa pili alikuwa wa kijana wake mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Rwamgasa, anayehitaji mlinzi wa mifuko ya mawe usiku.

Aliwaacha kwa mama yao hadi wiki ya nane. Mtoto wa mbwa hujifunza kwa ndugu zake meno yake yanauma kiasi gani. Ukimtoa mapema, somo hilo utalilipia kwa ndama na watoto wako. Siku ya kuchagua, babu aliangusha mfuniko wa sufuria. Wote walitimua mbio. Hakujali nani kakimbia. Alingoja aone nani atarudi kuunusa.

Jike akamwita Shida, dume Bosi, majina ambayo hayagongani sikioni. Kopo la Shida likawekwa kando ya banda la ndama, la Bosi nyuma ya jiko, ukuta katikati. Uji ni ule ule wa dona, umetiwa vumbi la dagaa.

Jioni moja nilikaa nikatazama. Babu kachuchumaa, matonge ya ugali kiganjani. "Shida!" Wakaja wote wawili. Tonge likaenda kwa Shida. Bosi hakupata kitu, hata kukemewa hakukemewa. Akalamba vidole vya mzee, akapanda gotini, akabweka, akazunguka, mwisho akachoka akakaa kitako. Ndipo babu akasema kwa sauti ya chini, "Bosi," na tonge lake likafika. Ilichukua siku kumi hivi. Baada ya hapo, Shida akiitwa, Bosi alinyanyua sikio moja na kubaki alipolala. Wangu hawakufika hapo, maana niliwaita wote kwa pumzi moja, kana kwamba ni mbwa mmoja mwenye majina mawili.

Kilichonitatiza ni kwamba mzee huyu huyu ni fundi wa maksai. Maksai mchanga humfunga nira pamoja na mkongwe, wa kulia akabaki kulia, wa kushoto kushoto, mpaka mvua za Novemba zikianza mchanga ameshaijua njia ya plau kwa kuburutwa na mazoea ya mwenzake.

"Sasa babu, mbona mbwa unawatenga?"

"Maksai wanatazama mbele, mjukuu wangu. Hawa ukiwafunga pamoja watatazamana."

Basi kila mmoja akawa na siku yake. Asubuhi Shida huenda na ng'ombe, na usiku hulala karibu na ndama ili azoee harufu yao na mateke yao. Bosi hulala barazani. Jua likizama wanafunguliwa wacheze, wakavingirishana vumbini, babu juu ya kigoda akiwatazama kama anatazama mpira.

Bosi alikuwa na masomo ya ziada. Machimboni watu hupita usiku kucha, na mlinzi anayembwekea kila mtu ni sawa na asiyebweka kabisa. Kwa hiyo tangu mdogo alibebwa mkononi mnadani, aone umati, pikipiki na miavuli, bila kukanyagishwa chini kwa kuwa chanjo bado. Alipotimiza miezi mitatu, afisa mifugo akamdunga sindano ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno apone. Wanaodhani chanjo za mbwa ni anasa ya mjini wakumbuke pia Serengeti mwaka 1994, distempa, maradhi ya mbwa, ilipoua takriban theluthi moja ya simba.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa maji. Mwaloni, wanakooshea mawe yaliyosagwa, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na marudio, yaani mchanga unaobaki, huchenjuliwa kwa sianidi. Mbwa anayekunywa kila dimbwi huko hana maisha marefu. Nilimwona babu akimpitisha Bosi kando ya dimbwi saa nane mchana, kamba imelegea, kopo na kichupa cha maji kwenye mkoba. Bosi akainamisha kichwa. Kamba ikakaza, haikuvutwa, ikabaki hapo tu. Mzee hakusema neno. Tulisimama juani hadi nikaanza kuona kiu mimi. Bosi alipogeuza uso, kopo lilikuwa tayari chini ya pua yake.

Walirudia hivyo miezi mingapi, hakuhesabu. Siku kijana wake alipokuja na pikipiki, Shida alikuwa malishoni. Kijana alishamnyanyua Bosi amtie kwenye tenga, babu akamzuia. Akampa kopo kwanza, lile lenye kutu ukingoni, akamuuliza atalitundika wapi.