Ufundi wa Kuuliza

Saikolojia ya afya huchunguza jinsi mawazo, hisia na mazoea yanavyoushika mwili: kwa nini mwenye kisukari huacha dawa ilhali anaijua hatari yake, au presha humpanda mtu kwa dhiki za nyumbani. George Engel alitoa hoja mwaka 1977 kwamba maradhi hayaeleweki bila mwili, nafsi na jamii kutazamwa pamoja. Mwaka uliofuata Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kikaipa taaluma hii tawi lake.

Mhadhiri wake hupandishwa cheo kwa machapisho. Ufundi wake hasa, hata hivyo, uko katika swali.

Hojaji ya PHQ-9, inayopima sonona, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Kiingereza chake humwuliza mtu kama amejihisi yu chini. Neno hilo likivushwa feri hadi Likoni, pwani ya Kenya, jinsi lilivyo, mama aliyempakata mtoto kwenye benchi la kliniki hatajua anaulizwa nini. Yeye husema moyo umekuwa mzito, au ana mawazo. Na pwani, mwenye mawazo ni mwenye dhiki. Kuna na hamu: swali la kwanza lagusa hamu ya kufanya mambo, la 5 hamu ya kula. Yasipotenganishwa vizuri, msikilizaji huona ameulizwa jambo moja mara mbili.

Ndiyo maana hojaji hutafsiriwa, kisha mtu mwingine asiyeiona ya asili huirudisha Kiingereza, njia iliyoenezwa na Richard Brislin tangu 1970. Hatua bora zaidi huja baadaye, wakazi wa Kisauni au Changamwe wanapoombwa waeleze kwa maneno yao walichoelewa. Hapo mwenye shahada ya uzamifu huketi akafundishwa na muuza mahamri.

Pwani ya Kenya ina mfano wa kujivunia. Amina Abubakar, aliyesomea uzamifu Tilburg, Uholanzi, na kufundisha Chuo Kikuu cha Pwani, aliongoza utafiti uliochapishwa 2008 juu ya kipimo cha Kilifi cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35. Kipimo hicho kilitengenezwa papo hapo, kwa vitu ambavyo mtoto wa Kilifi anavijua.

Darasani mwanafunzi hujifunza takwimu, ridhaa na maadili. Kuuliza hujifunza akifuatana na mwalimu: salamu kwanza, hali za watoto, kisha karatasi; na mtu akinyamaza, aachwe anyamaze. Swali la 9 ndilo zito, kwani huuliza kuhusu kutamani kufa au kujidhuru. Mwalimu mwema hamruhusu mwanafunzi alifikie kabla hajajua atampeleka wapi atakayejibu ndiyo. Kwa Changamwe, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, na njia ya kufika huko huulizwa kabla ya hojaji kutoka mkobani.