Kaimu, Akida na Mjumbe: Sifa kwa Waundaji wa Dola za Kubuni

Watu wa Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, wamejipanga langoni, wanahesabu. Vita imekaribia, na wanangoja askari wa majimbo ya kusini waje kuutetea mji. Anatangulia bwana mmoja mzee, mnene, Forlong wa Lossarnach, na nyuma yake wanafuata watu 200. Wenyeji walitarajia mara kumi ya hao. Bonde la Ringló linaleta 300. Wapiga upinde wa Morthond ni 500. Wavuvi wa mlango wa mto ni kama 100, na Dol Amroth inafunga msafara kwa watu 700. Wote wakishaingia, jumla yao haijafika 3,000, na hakuna wengine watakaokuja.

J.R.R. Tolkien alichapisha kurasa hizo mwaka 1955, katika juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings. Mwandishi mwingine angesema tu kwamba jeshi la Gondor lilikuwa dogo, kisha akakimbilia kwenye mapanga. Tolkien alisimama, akaita majina. Na katika mwito huo msomaji anaiona serikali nzima: mji mkuu hauna askari wa kutosha wa kwake, unategemea mabwana wa majimbo, kila bwana ana watu wa kuwalinda nyumbani, na safari hii wote wamebana mkono kwa sababu merikebu za maharamia wa Umbar zimeonekana katika bahari ya kusini. Amri ilifika Lossarnach nzima nzima. Utii uliorudi ulikuwa sehemu moja ya kumi.

Huo ndio ufundi unaostahili kusifiwa hapa: ufundi wa kuunda dola ambayo haijapata kuwapo, yenye wafalme na makarani, majemadari na walinzi wa mlango, na kuiunda kwa namna ambayo msomaji anaweza kuikadiria nguvu yake na kuuona udhaifu wake. Kiti cha enzi hakimsumbui mtunzi yeyote. Dhahabu ya maneno haina bei. Vyeo navyo ni rahisi kuvirundika, na hadithi nyingi za aina hii zimejaa majemadari wakuu na majemadari wakuu zaidi ambao hakuna ajuaye wanashinda wakifanya nini. Kazi ngumu ni kujua kwamba amri ikishatoka kinywani mwa mtawala inapita mikononi mwa nani, inapungua wapi, na habari mbaya inapanda vipi kumrudia.

Gondor yenyewe haina mfalme. Wa mwisho, Eärnur, alipanda farasi mwaka 2050 wa Enzi ya Tatu kwenda kujibu changamoto ya adui, na hakurudi. Tangu hapo nchi inatawaliwa na makaimu, baba kwa mwana, kwa karibu miaka elfu. Denethor ni wa ishirini na sita. Ana mamlaka yote ya mfalme, ila hakai kwenye kiti cha mfalme: anakaa chini yake, kwenye kiti cha jiwe jeusi kisicho na pambo, kilichowekwa kwenye ngazi ya mwisho. Mkononi ana fimbo nyeupe, na bendera ya ukoo wake ni nyeupe isiyo na alama. Mwanawe mkubwa, Boromir, alipokuwa mtoto aliwahi kumwuliza baba yake inachukua miaka mingapi kwa kaimu kuwa mfalme. Denethor alijibu kwamba kwingineko huenda ikatosha michache, lakini Gondor hata miaka elfu kumi isingetosha.

Jibu hilo limebeba katiba. Linaonyesha taifa lenye heshima kubwa kwa sheria yake, na linaonyesha pia mtu anayeumia kwa sheria hiyohiyo kila asubuhi anapokaa chini ya kiti kitupu. Wakati mwenye kiti anapokaribia kurudi, uchungu huo ndio unaompasua Denethor. Cheo kimeizaa tabia, na tabia imekizaa kisa. Mtunzi aliyefika hapo amekwisha kuvuka kazi ya kupamba.

Hata hivyo, sifa kubwa zaidi iende kwa mtu wa chini kabisa katika mlolongo huo. Anaitwa Beregond, askari wa kikosi cha tatu cha walinzi wa Ngome. Msomaji anakutana naye kwanza kama mwenyeji mkarimu: anamfundisha mgeni nywila, anamweleza saa za chakula, anamwonyesha farasi na kuta. Baadaye Denethor, akiwa amekata tamaa, anaamuru mwanawe Faramir, aliye hoi kwa homa ila bado hai, achomwe moto pamoja naye katika makaburi ya makaimu. Amri ni halali. Imetolewa na mwenye mamlaka, na watumishi wanaitii. Beregond haruhusiwi kuondoka zamuni bila idhini ya bwana wake, na adhabu ya kuondoka ni kifo. Anaondoka. Anaua watumishi wa bwana wake mahali ambapo upanga hautakiwi kuchomolewa, na Faramir anaokoka.

Vita ikiisha, mfalme mpya anaketi kuhukumu, na Beregond analetwa mbele yake. Hapa ndipo watunzi wengi hupotea, kwa kuwa msomaji anampenda mshtakiwa na angeridhika akisamehewa kwa tabasamu. Tolkien anaishikilia sheria. Damu ilimwagika mahali patakatifu na zamu iliachwa bila ruhusa. Adhabu ya kifo inafutwa, lakini Beregond hawezi kubaki katika kikosi cha Ngome, na lazima auhame mji. Uso wake unasawijika. Kisha inakuja sehemu ya pili ya hukumu: amewekwa kuwa kapteni wa walinzi wa Faramir huko Emyn Arnen, amtumikie yule ambaye Beregond alihatarisha kila kitu ili amwokoe. Sheria imetimizwa hadi nukta ya mwisho, na haki imetendeka ndani yake. Katika fasihi ya kubuni, kurasa zinazoeleza nidhamu ya jeshi kwa ubora huo ni chache mno.

Tolkien hakuyapata hayo hewani. Mwaka 1916 alikuwa luteni wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba amri zinafika mstari wa mbele na taarifa zinarudi nyuma, huku nyaya zikikatwa na mizinga. Mtu aliyeshika kazi hiyo haandiki kamwe kwamba mfalme aliamuru na ikawa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ufundi huu una umri mkubwa kuliko riwaya za Kiingereza. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, wenye zaidi ya beti elfu moja, kwa ajili ya mtawala wa mji huo. Historia inasema msafara wa Tabuk wa mwaka 630, ambao ndio mada ya utenzi huo, ulirudi bila kupigana na Warumi. Mshairi aliyataka mapigano, kwa hiyo ilimbidi aunde dola ya Herakli ya kupigana nayo: kaisari mwenye fahari, wakuu wake, majeshi yake, na barua zinazokwenda na kurudi mikononi mwa wajumbe kabla ya upanga kunena. Mji wa Pate uliujua utawala, ukaujua na ushindani wa miji jirani. Wasikilizaji wa utenzi huo hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mjumbe na barua yake ni mtu mzito.

Frank Herbert, Mmarekani, alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1954 alimwandikia hotuba Seneta Guy Cordon wa Oregon. Riwaya yake Dune ilitoka mwaka 1965. Dola yake inasimama kwa mizani ya pande tatu zisizoaminiana: Mfalme wa Wafalme Shaddam IV, baraza la koo kubwa liitwalo Landsraad, na Guild, chama ambacho ndicho pekee chenye uwezo wa kusafirisha watu kati ya nyota. Mfalme ana jeshi la Sardaukar, watu waliokomazwa kwenye sayari ya Salusa Secundus, ambako mateso ya mazingira huwaua wengi kabla hawajafikia kushika silaha. Hakuna ukoo mmoja unaoweza kupambana nao peke yake.

Sasa tazama Herbert anavyolitumia jeshi hilo. Shaddam anataka kumwangamiza Leto Atreides, mtawala anayependwa kupita kiasi. Anawatuma Sardaukar, lakini anawavisha sare za ukoo wa Harkonnen, mahasimu wa Leto, kwa kuwa koo nyingine zikijua kwamba mfalme amemwua mmoja wao zitaungana dhidi yake. Mtu mwenye jeshi la kutisha kuliko yote ulimwenguni analificha ndani ya nguo za mwingine. Kitendo hicho kimoja kinaeleza mipaka ya mamlaka ya Shaddam kwa ukamilifu ambao sura tatu za maelezo zisingeufikia, na msomaji anaanza kuliona anguko lake kabla hata shujaa wa kisa hajakomaa.

Nyuma ya kitabu Herbert aliweka faharasa, na humo mna vyeo vya Sardaukar. Kimojawapo ni kaid: ofisa wa kijeshi ambaye kazi yake hasa ni kushughulika na raia, juu ya bashar na chini ya burseg. Alikieleza kwa mistari michache tu. Lakini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akiisoma mistari hiyo anamwona akida. Zamani akida alikuwa kiongozi wa vita. Wajerumani walipoishika Tanganyika walimgeuza kuwa ofisa wa serikali juu ya vijiji kadhaa, majumbe wakiwa chini yake, akisimamia kodi na kesi ndogondogo. Gavana alikuwa mbali. Akida alikuwa pale pale, na kitabu cha kodi mkononi. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa watu waliolengwa mapema. Ngazi ya kati ndiyo inayoubeba uzito wa dola machoni pa mwananchi, na mtunzi anayeiruka amejinyima nusu ya kisa chake.

Shaaban Robert hakuiruka. Aliajiriwa mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, kuwa karani wa forodha. Ni mwaka uleule ambao utawala wa Gavana Donald Cameron ulitunga sheria ya mamlaka za wenyeji, iliyowafanya machifu kuwa ngazi rasmi ya serikali ya kikoloni. Kutoka forodha alikwenda idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya utawala huko Tanga, kisha upimaji ardhi. Miaka yote hiyo aliiona dola kutoka mezani pa karani, mahali ambapo mafaili hupita ila maamuzi hayafanyiki, na ambapo Mwafrika alijua fika ni ngazi ipi hataivuka.

Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Nchi yake iko angani, na imepakana na pepo: kaskazi, kusi, matlai na umande. Ni mipaka ya ajabu, na mtunzi aliyeivuta angeweza kujaza humo majini na farasi wenye mabawa. Shaaban Robert aliijaza baraza. Kuna mfalme, kuna Waziri Majivuno aliye mshtaki, na kuna kijana Karama anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao wenyewe: Buruhani mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa mbinguni na Amini ardhini. Kila mmoja aliona mambo mema huko, akarudi kuyaeleza ili nchi yake ifaidike. Kila mmoja alifungwa.

Uimara wa ujenzi huo unastaajabisha. Kusadikika ni serikali inayotuma watu kutafuta maarifa na kuwaadhibu kwa kuyapata. Amri zake zinashuka vizuri mno. Kinachokufa njiani ni habari inayopanda. Na kifungo cha mmoja hakimzuii mwingine kwenda, jambo linalomfanya msomaji ajiulize ni utii gani huo, wa woga au wa mapenzi. Kisha Shaaban Robert anafanya jambo la kifundi ambalo mara nyingi husifiwa kidogo kuliko maadili yake. Kesi ya Karama inairudisha mbele ya baraza taarifa ya kila mjumbe aliyenyamazishwa. Maneno yaliyozuiwa kupita mlango wa serikali yanaingia kwa mlango wa mahakama, na safari hii wakubwa wanalazimika kuyasikiliza hadi mwisho kwa kuwa ni utetezi wa mshtakiwa. Karama anaachiliwa, na wajumbe wanafunguliwa.

Wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kama picha ya Tanganyika chini ya Mwingereza, na wana haki. Lakini picha hiyo isingedumu kama muundo wake ungekuwa dhaifu. Inasomwa na watu waliozaliwa muda mrefu baada ya uhuru wa 1961, na bado wanaitambua ofisi ile, mkubwa yule na ripoti ile iliyomponza mwandishi wake.

Vijana wanaoandika leo hadithi za ajabu kwa Kiswahili, wenye madola ya chini ya bahari na falme za nyota, wasitafute vyeo vyao katika filamu za kigeni peke yake. Liwali, akida, jumbe, kadhi na karani wa forodha wamo katika historia ya pwani na bara, pamoja na migongano yao yote, na bado ni wachache walioingizwa katika riwaya za aina hii. Na msomaji aliyeisoma Kusadikika zamani kwa ajili ya mtihani aifungue tena, aanze kesi siku ya kwanza, na amfuatilie Waziri Majivuno kuliko Karama: atazame anavyoshtaki, nani anamwunga mkono, na ni hoja ya mjumbe yupi inayoanza kumpunguzia watu barazani.