Fani Inapobeba Maudhui: Kuvisoma Vyombo vya Habari vya Dola ya China

Julai 18, 2024, Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China ilihitimisha kikao chake cha tatu mjini Beijing, na shirika la habari la Xinhua likasambaza tamko la kikao. Sehemu kubwa ya tamko hilo ni ahadi za mageuzi ya uchumi, zilizoandikwa kwa lugha iliyozoeleka katika nyaraka za chama. Karibu na mwisho zimo sentensi mbili zinazofuatana. Ya kwanza inasema kikao kimekubali ombi la kujiuzulu la Komredi Qin Gang, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Ya pili inathibitisha kufukuzwa chamani kwa Li Shangfu, aliyekuwa waziri wa ulinzi, pamoja na Li Yuchao na Sun Jinming waliokuwa wakuu wa kikosi cha makombora. Hawa watatu wametajwa kwa majina matupu. Qin Gang ameitwa komredi.

Tamko halikueleza Qin Gang alikosea wapi. Hata hivyo, msomaji mzoefu wa maandishi ya chama alijua papo hapo kwamba mtu huyu ameporomoka lakini hajatupwa nje, na kwamba wale wengine wametupwa. Hukumu ya kisiasa ilipitishwa kwa kumpa mmoja cheo cha heshima na kuwanyima wenzake, katika sentensi mbili zilizowekwa bega kwa bega ili tofauti ionekane.

Wahakiki wa fasihi tumezoea kutenga fani na maudhui, kisha kuonyesha vinavyotegemeana. Katika vyombo vya dola ya China utengano huo hauna nafasi. Nani ametangulia kutajwa, picha ina upana gani, habari imetoka siku gani, nani hayumo: hayo ndiyo maudhui yenyewe. Anayesoma maneno peke yake ataona sherehe, pongezi na takwimu, kisha afunge gazeti akidhani hakuna jipya.

Tuanze na ukurasa wa mbele. Renmin Ribao, gazeti la Kamati Kuu lililoanzishwa mwaka 1948, lina jina lililoandikwa kwa mkono wa Mao Zedong, na mpangilio wa ukurasa wake wa kwanza hufuata ngazi za uongozi. Desemba 4, 2015, kiongozi mkuu wa China Xi Jinping akiwa Afrika Kusini kwa mkutano wa ushirikiano kati ya China na Afrika, vichwa 11 vya habari katika ukurasa huo vilibeba jina lake. Kwa mhariri wa kawaida, kurudia jina moja kiasi hicho ni kosa la ufundi, kwa sababu kila kichwa kinakimeza kilichotangulia. Katika gazeti la chama, urudiaji huo ulikuwa ndio ujumbe. Viongozi wa Afrika waliotajwa humo walitimiza kazi waliyopangiwa na ukurasa: kuwa watu ambao Xi amekutana nao. Mkutano ulihusu bara letu, lakini kitenzi kilikuwa na mtendaji mmoja tu.

Taarifa ya habari ya saa moja jioni katika televisheni ya taifa, Xinwen Lianbo, iliyoanza Januari 1, 1978, inafuata kanuni hiyo hiyo kwa sauti na picha. Kwa nusu saa hutangulia shughuli za kiongozi mkuu, zikafuata za viongozi wengine kwa ngazi zao, kisha mafanikio ya nchi, na dakika za mwisho huachiwa dunia ya nje. Majina ya wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Politiburo husomwa kwa utaratibu wa vyeo, hata pale ambapo kuyasoma yote kunaipunguzia habari mvuto. Februari 2016, Xi alipoyatembelea makao ya Renmin Ribao, Xinhua na televisheni ya taifa, alisema wazi kwamba vyombo vya chama na serikali lazima vibebe jina la ukoo la Chama. Kauli hiyo iliweka bayana yaliyokuwa yakitendeka kwa miongo mingi. Vyombo hivi havisimami kando vikiitazama siasa. Vimo ndani yake, na kutangaza kwavyo ni tendo la utawala.

Ndiyo maana kuondoa nako ni tendo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na historia ya China ina mifano mingi. Oktoba 1976, mwezi mmoja baada ya kifo cha Mao, mjane wake Jiang Qing na wenzake watatu walikamatwa. Picha za viongozi wakiwa wamejipanga katika ibada ya maombolezo zilipochapishwa baadaye, wanne hao walikuwa wamefutwa, na nafasi zao katika mstari zikabaki wazi. Mtu angeweza kuziba mapengo kwa kuwasogeza waliobaki. Kuyaacha kulimwambia kila raia kwamba hapa alisimama mtu, na sasa hasimami.

Ufutaji wa zama za tovuti hauachi pengo la namna hiyo, lakini unasomeka. Qin Gang alionekana hadharani kwa mara ya mwisho Juni 25, 2023, akikutana na wageni Beijing. Julai 11 msemaji wa wizara yake aliwaambia waandishi kwamba waziri hangehudhuria mkutano wa mawaziri wa mambo ya nje mjini Jakarta kwa sababu za afya. Waandishi walisikia, wakaandika. Nakala rasmi ya mkutano huo na wanahabari ilipowekwa kwenye tovuti ya wizara, maneno hayo hayakuwamo. Julai 25 Xinhua ikatangaza kwa ufupi kwamba ameondolewa na mtangulizi wake, Wang Yi, amerudi, bila kutaja sababu. Mambo matatu, yaani sauti iliyosikika, nakala isiyo na sauti hiyo na tangazo lisilo na sababu, yanatupa masimulizi kamili kuhusu namna chama kinavyojipa muda kabla ya kuamua nini kiwe kweli rasmi.

Katika diplomasia fani hii hupata mzigo mwingine, kwa sababu msomaji anayelengwa yuko nje na huenda hajui kanuni. Oktoba 1, 1970, Mao alisimama kwenye roshani ya Tiananmen pamoja na mwandishi Mmarekani Edgar Snow. Picha yao ilitokea ukurasa wa mbele wa Renmin Ribao Desemba 25, karibu miezi mitatu baadaye. Kuchelewa huko, mahali pa picha, na Mmarekani kuwekwa ubavuni mwa Mwenyekiti, vyote vilikuwa salamu kwa Washington. Washington haikuielewa. Henry Kissinger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, aliandika baadaye kwamba ishara hiyo ilikuwa ya kificho mno kwa watu wa upande wake. Ilibidi zitumike njia nyingine hadi yeye mwenyewe aingie Beijing kwa siri Julai 1971. Picha ile ilikuwa imetungwa kwa ustadi mkubwa, lakini ustadi wa mtungaji haukumtengenezea msomaji.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kutokuwa wasomaji wa aina hiyo. China huzipanga nchi rafiki katika ngazi za ubia, na kila ngazi ina jina lake refu ambalo masikioni mwetu hupita kama pambo la itifaki. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa kiongozi wa kwanza wa Afrika kupokewa Beijing baada ya mkutano mkuu wa 20 wa chama, ubia na Tanzania ulipandishwa kuwa ubia wa kina wa ushirikiano wa kimkakati. Kenya ilikuwa imepata ngazi hiyo mwaka 2017. Septemba 2024, uhusiano na nchi zote za Afrika zenye uhusiano wa kidiplomasia na China ulipandishwa hadi kiwango cha kimkakati kwa mkupuo mmoja. Neno lililogawiwa wote hupungua uzito kwa kila mmoja, na ndipo Aprili 2025, Rais William Ruto alipozuru Beijing, Kenya ikapewa jina jipya lililo juu zaidi, la jumuiya yenye mustakabali wa pamoja. Anayesoma taarifa moja moja ataona heshima. Anayezipanga kwa tarehe ataona vipimo vikirekebishwa.

Muhtasari wa mazungumzo ya viongozi nao una muundo usiobadilika sana. Xi anazungumza kwanza na kwa urefu. Mgeni anafuata kwa aya fupi, na katika aya hiyo mara nyingi atakutwa akisisitiza kwamba nchi yake inashikilia sera ya China moja. Mazungumzo yakiitwa ya kirafiki, mambo yalikwenda vizuri. Yakiitwa ya wazi, pande mbili zilitofautiana. Mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam anayechapa muhtasari huo kama ulivyo amechapa pia mpangilio wake wa vyeo, na rais wake mwenyewe amekuwa msemaji wa pili katika gazeti la nyumbani. Dawa yake inajulikana: kuweka kando yake taarifa ya Ikulu, kulinganisha mstari kwa mstari, na kuandika kilichomo huku kisichomo kule.

Lakini usomaji huu una mpaka, na usipolindwa hugeuka ramli. Septemba 2022, Xi aliporudi kutoka ziara ya Samarkand, Uzbekistan, na kutoonekana kwa siku kadhaa, mitandao ilivuma kwamba amepinduliwa. Septemba 27 televisheni ilimwonyesha akitembelea maonyesho Beijing, na uvumi ukaisha. Waliovumisha walikuwa wameona pengo wakakimbilia sababu. Pengo katika vyombo hivi linaweza kuthibitisha kwamba uamuzi umefanywa wa kutosema. Haliwezi peke yake kuthibitisha kwa nini. Hata lile neno komredi la Julai 2024 linatuambia Qin Gang amewekwa wapi. Halituambii alifanya nini.

Mhakiki mwaminifu, basi, huhesabu, hulinganisha tarehe, hutazama nani ametangulia na nani hayumo, kisha husimama pale ushahidi unapokoma. Nchi zetu hukopa, hujenga na husaini mikataba na dola inayozungumza kwa mpangilio. Kuujua mpangilio huo ni wajibu wa vyumba vyetu vya habari na wa vyuo vyetu vya uandishi, kwa sababu anayeandika tamko la pamoja tayari anajua kila neno limewekwa pale kwa nini, na haifai sisi tuliotajwa ndani yake tuwe wa mwisho kuelewa.